Chungwa la Muheza ndani ya fimbo ya pool

Haupiti mwezi bila kijana kuninyooshea simu yenye picha na kuniuliza: "Kaka, hela yangu niiweke wapi, kwenye fimbo ya kuchongewa au kwenye shafti ya tabaka?" Nami humwambia ameuliza maswali mawili kwa pumzi moja. Fimbo ya kuchongewa, ukiitazama vizuri, ni habari ya mpini: mti gani, nakshi gani, uzito kiasi gani, jina la fundi gani limeandikwa kitakoni. Shafti ya tabaka, yaani ya vipande vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi, ni habari ya ile nusu ya mbele, nyembamba, isiyo na urembo wowote, nayo ndiyo inayoupiga mpira. Mtu anaweza kuwa nazo zote mbili. Wengi wetu hapa Tanga hatuna hata moja. Tunatoa fimbo ya baa pale ukutani, tunaibiringisha mezani, tukiona ncha inarukaruka tunairudisha na kujaribu ya pili, na ya tatu ikiwa nayo imepinda basi tunacheza nayo hivyo hivyo.

Upande wangu nautaja mapema ili tusizungushane. Ningenunua shafti ya tabaka na kuifunga kwenye mpini wowote wa bei ya kawaida. Ila sababu yangu si ile inayopigiwa debe na wauzaji.

Sina ugomvi na mafundi wa kuchonga. Anayetajwa kuliko wote ni George Balabushka, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani mwaka 1924 akiwa mtoto, akaanza kutengeneza fimbo mwishoni mwa miaka ya 1950 na kufariki mwaka 1975. Fimbo zake leo zinauzwa kwa maelfu ya dola, na walionazo wengi huzifungia kabatini kama hirizi. Kinachonivutia kwake ni kwamba mipini yake mingi haikuanzia mikononi mwake. Alinunua mbao zilizokwisha kuunganishwa, kwanza za Brunswick aina ya Titlist, baadaye za Burton Spain na za Gus Szamboti, kisha yeye akazichonga, akazisawazisha, akazifungia kiungo cha kushikia shafti na kuzimalizia. Hata huyo bingwa wa mabingwa, basi, alikuwa mnunuzi wa kazi ya gundi ya mtu mwingine. Hilo waabudu wake hawapendi sana kulisikia.

Kuchongewa kuna faida yake. Fimbo ya pool ya kawaida ina urefu wa sentimita 147 hivi na uzito wa gramu 510 hadi 600. Mtu mrefu, au mwenye mkono mzito, anajua tofauti ya gramu 30 tu inavyomsumbua. Fundi akikupimia, akauweka uzito pale mkono wako unapoutaka, umepata kitu ambacho duka haliwezi kukupa. Lakini hesabu ya bei haiendi huko. Sehemu kubwa ya pesa inaliwa na nakshi: vipembe vya mbao nne zilizochomekana, chaza, fedha, pete za rangi. Navyo vyote viko nyuma ya kiungo, sentimita 70 na zaidi kutoka kwenye mpira.

Nasema haya kama mtu aliyeumwa na nyoka. Fimbo yangu ya kwanza ya maana niliinunua kwa baharia mmoja, meli yake ikiwa imetia nanga ghubani. Mpini wa mpingo mtupu, mweusi ti, umetiwa chaza. Mpingo! Mti wetu wa taifa, ambao Wazungu wanautengenezea klarineti na obo, huenda ulikatwa huko Lindi, ukapanda meli, ukazunguka dunia, ukarudi kuuzwa kwangu mimi bandarini Tanga kwa bei ya pikipiki. (Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mbao hiyo inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini.) Hata hivyo si mara ya kwanza pwani hii kuulisha mchezo huu. Pangani ya karne ya 19 ilipokea misafara ya pembe za ndovu, na katika pembe za Afrika Mashariki zilizovuka bahari nyingine ziliishia kukatwa mipira ya biliadi. Sisi hutoa malighafi, kisha tunanunua mchezo.

Turudi kwenye fimbo ya baharia. Shafti yake ilikuwa ya kipande kimoja cha mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Niliinunua Desemba, imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Nilitamba nayo Ngamiani miezi mitatu. Masika yalipokolea nikaibiringisha mezani mbele ya watu, ncha ikacheza kama mkia wa mjusi. Nilimlaani baharia yule kwa miaka miwili, na leo namwomba radhi popote alipo, kwa sababu hakuniuzia kitu kibovu. Aliniuzia kitu cha hewa nyingine.

Mbao haiachi kupumua kwa sababu tu imekatwa na kupigwa vanishi. Inachukua unyevu na kuutoa mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Karakana ya huko baridi, yenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 au 50, inaiacha mepo ikiwa na maji asilimia 8 au 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ya Tanga mara nyingi iko juu ya asilimia 70, na wakati wa masika inapanda zaidi. Mbao ile ile ikitulia huku inatafuta asilimia 14, 15. Inavimba. Kibaya ni kwamba haivimbi sawasawa. Vitabu vya mbao vinaipa mepo ngumu mnyweo, yaani kusinyaa inapokauka, wa asilimia 9.9 kwa upande unaofuata miduara ya mti, na asilimia 4.8 tu kwa upande unaotoka kwenye moyo kwenda gomeni. Mara mbili. Kwa hiyo shafti ya milimita 13 iliyokuwa duara kamili inageuka kuwa na umbo la yai, tofauti ikiwa kama unene wa karatasi moja ya daftari. Ukichanganya na nyuzi zilizokwenda mshazari kidogo, au upande mmoja ulionyonya unyevu kuliko mwingine kwa sababu fimbo imeegemezwa ukutani, inapinda. Samaki hukunjwa angali mbichi. Shafti hujikunja yenyewe baada ya kukaushwa.

Hapo ndipo tabaka zinapoingia.

Chukua chungwa la Muheza, likate katikati kwa upana, si kwa urefu. Unaona vipande vyote vimekutana kwenye kitovu, kila kimoja kimeelekea upande wake. Shafti ya 314 ya Predator, kampuni ya fimbo ya Marekani, iliyotoka katikati ya miaka ya 1990, iko hivyo hivyo: vipande 10 vya mepo vyenye umbo la kabari, vimegandishwa kwa gundi kuzunguka kitovu, kisha vikachongwa kuwa duara. Wapo wengine wanaopanga tabaka bapa, moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu, na hiyo kila fundi wa Tanga anaielewa kwa sababu ni akili ile ile ya plaiwudi. Wazo ni moja. Kila kipande kinataka kuvimba na kupinda kuelekea kwake, lakini mwenzake wa upande wa pili anamvuta kinyume. Ugomvi wao unaishia kwenye gundi na fimbo inabaki imenyooka. Zaidi ya hapo, ukiizungusha mkononi haina upande mgumu na upande laini. Shafti ya kipande kimoja inao, japo kwa kiasi kidogo kuliko wauzaji wanavyodai; nimewaona wazee wa meza waliotia alama ya kalamu kwenye shafti zao ili kila mara waishike nyuzi zikiwa zimeelekea upande ule ule.

Sasa, muuzaji hatakuambia habari za masika. Yeye atakuambia kuhusu mkengeuko, na hapa lazima nikae kidogo maana ubishi mwingi wa vijiweni unatoka hapa.

Ukiupiga mpira mweupe ubavuni kulia ili uzunguke, hauendi pale fimbo ilipoelekea. Unakwepa kidogo kushoto. Kukwepa kwa pembe ya nyuzi 2 tu, kwa umbali wa mita 1, ni sentimita 3 na nusu, na hiyo inatosha kabisa kukukosesha shimo na kukuchekesha watu. Predator waliupima mkengeuko huo kwa roboti waliyoipa jina la Iron Willie, wakatengeneza shafti inayoupunguza, na kwa kuwa shafti hiyo ilikuwa ya tabaka, watu wakaunganisha mambo mawili: tabaka ndizo zinazopunguza mkengeuko. Si kweli. Ngozi ya ncha inagusana na mpira kwa muda wa elfu moja ya sekunde au zaidi kidogo. Katika kitambo hicho ni sehemu fupi tu ya mbele ya fimbo inayowahi kusukumwa kando, na uzito wa kisehemu hicho ndio unaoukwepesha mpira. David Alciatore, profesa mstaafu wa uhandisi wa mitambo wa Colorado State University anayejulikana kwa wachezaji kama Dr. Dave, ameifafanua hoja hii kwa majaribio: uzito ukiongezwa karibu na ncha mkengeuko unapanda, ukisogezwa nyuma athari inafifia na kwisha. Ndiyo maana 314 ina tundu ndani ya ncha na pete fupi nyepesi chini ya ngozi. Wepesi wa ncha ndio uliofanya kazi, gundi ilisingiziwa. Toboa ncha ya shafti ya kipande kimoja, ipe pete nyepesi, nayo itapunguza mkengeuko. Na fimbo nyembamba za Kiingereza za mti wa eshi, zenye ncha ya milimita 9 hivi, zilikuwa na ncha ndogo tangu zamani bila tangazo lolote.

Ukishalijua hilo, tazama meza tunazochezea. Roboti na matangazo yote yanazungumzia mpira wa Kimarekani, milimita 57, gramu 170 hivi. Kwenye meza nyingi za sarafu ninazozijua mimi, kuanzia Makorora mpaka Chumbageni, mipira ni midogo, ya inchi 2, na mweupe wakati mwingine ni mdogo kuliko wenzake ili meza iweze kuutambua na kuurudisha ukidumbukia. Mpira mweupe wa milimita 48 haufiki gramu 100. Mpira ukiwa mwepesi, ncha ile ile inaukwepesha zaidi. Kwa hiyo kijana anayeagiza shafti ya milimita 12.75 kwa sababu video imesema haikengeuki, akija kuitumia hapa anaona inakengeuka, naye anadhani ameuziwa feki. Hajauziwa feki, ila ameleta kipimo cha meza nyingine. Kwa mipira yetu ningemshauri ashuke: Predator wenyewe walitoa shafti ya Z ya milimita 11.75, na hata hiyo kwangu bado ni nene.

Lakini tuseme ukweli, mkengeuko si adui mkubwa kiasi hicho. Macho na mkono vinauzoea. Nimewahi kumwona mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, anayecheza na fimbo ya kipande kimoja ya zamani, nzito mbele, yenye mkengeuko wa ajabu. Anaelekeza fimbo mahali ambapo wewe unaona kabisa amekosea, na mpira unaingia. Ameishi nayo miaka. Jambo ambalo mkono hauwezi kulizoea ni fimbo inayobadilika. Ya Desemba si ya Mei, na ya Mei si ya Septemba. Faida ya kumiliki fimbo, badala ya kutoa ya baa ukutani, ni kwamba kila ukiifungua kwenye begi iwe ile ile uliyoifunga jana. Shafti ya tabaka inanipa hilo katika hewa hii ya chumvi, na hiyo ndiyo sababu ninaitetea. Mcheza pool wa jangwani anaweza kunishinda hoja. Wa Raskazone, hapa ufukweni Tanga, hawezi.

Na hapo hapo ndipo tunapojiangusha, kwa msasa. Mkono wa Tanga unatoka jasho; shafti inanata kwenye vidole; mtu anaomba poda, na poda ikiisha anachukua msasa, tena ule mbovu wa mafundi rangi, anasugua mpaka panang'aa. Anachosugua ni ile rangi ya juu iliyokuwa inazuia unyevu usiingie. Mwaka mmoja wa msasa, shafti imepungua unene na mbao iko uchi. Hata ile ya tabaka haitavumilia, maana sasa unyevu unafika kwenye mishono ya gundi. Kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu, kisha kusugua kwa kipande cha ngozi mpaka pashike joto, vinatosha. Glavu ya vidole vitatu inatosha zaidi, hata kama wenzako watakuita daktari.

Tabaka zina ubaya wake, nisije nikaonekana ninauza. Ncha iliyotobolewa ni dhaifu: ukiitumia kwa pigo la kufungua mchezo kila mara, pete inapasuka, kwa hiyo wenye busara hufungua kwa fimbo ya baa kisha wanachukua yao. Gundi haipendi joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani saa saba mchana. Halafu kuna udanganyifu wa wazi, shafti ya kipande kimoja iliyochorwa mistari ili ionekane ya vipande. Dawa yake ni rahisi. Usiangalie ubavu, angalia mwisho wa mbao pale kiungo kinapoanza, au subiri siku ya kubadili ngozi uangalie ncha. Kama huoni chungwa wala kurasa za kitabu, umeuziwa rangi.

Nyuzi za kaboni nazitaja kwa ufupi tu. REVO ya Predator ya mwaka 2016 ilifungua mlango na kampuni nyingine zikafuata. Haivimbi, haipindi, jasho unalifuta kwa kitambaa, kwa hewa yetu ni kama imeombewa dua. Ila inagharimu mamia ya dola, na siku ikipata jeraha hakuna fundi wa Tanga atakayeigusa. Mwenye nazo anunue.

Swali ambalo halijaulizwa na wale vijana wa picha za simu ndilo linalonikalia zaidi. Kama siri ya tabaka ni gundi, jiometri na subira, kwa nini tunaiagiza? Hapo Longuza, wilaya ya Muheza, kuna shamba la serikali la misaji. Vitabu vile vile vya mbao vinasema msaji unanywea asilimia 5.8 upande mmoja na 2.5 upande wa pili, karibu nusu ya mepo. Ni mti uliotulia kwa maumbile yake. Kasoro zake mbili zinajulikana: ni laini kidogo kuliko mepo ngumu, na una mafuta yanayoifukuza gundi. Lakini watu wanaotengeneza boti pwani hii wanajua kupaka epoksi, na mbao yenye mafuta ukiifuta kwa asetoni dakika chache kabla ya kugandisha, inashika. Vipande vinavyohitajika ni vyembamba, hata masalia ya dirisha na kitanda yanatosha.

Nililipeleka wazo hili kwa fundi mmoja wa Ngamiani, mtu wa milango na makabati, ambaye maishani mwake hajawahi kushika fimbo ya pool. Nilimchukulia chungwa. Alilikata, akalitazama, akalila, akaniambia vipande 10 ni ushamba wa wenye mashine, yeye atafanya 6 kwa sababu pembe ya nyuzi 60 tayari ameiseti kwenye msumeno wake kwa kazi ya meza za pembe sita. Ya kwanza ilifunguka mshono mmoja baada ya wiki. Ya pili alifuta mafuta kwanza, akaifunga kwa mipira ya tyubu ya baiskeli kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaiacha siku 4, ndipo akaipeleka kwenye mashine ya kukereza. Ni milimita 10 mbele, ina rangi ya asali, na ukiipiga mpira inatoa sauti ya chini kuliko mepo. Mimi nilitaka kuichukua siku ile ile. Nilikuwa na hela mfukoni.

"Mwanangu, hii siuzi," akaniambia, akaitundika kwa uzi kwenye kenchi, katikati ya karakana, mbali na ukuta. "Njoo Juni, masika yakishapita, tuje tuibiringishe."